Daftari Lililotangulia Maji

Kwa miaka kumi na tisa Deusdete alianza siku yake kwa namna moja: kahawa nyeusi, kipande cha sukari guru shavuni, kisha njia ya mbuzi mpaka bwawani. Kazi yenyewe haikuzidi dakika tano. Ubao mweupe wenye namba nyeusi umesimama majini. Ikifika saa moja asubuhi unaingia mpaka magotini, unatazama maji yamegusa namba gani, unaiandika kwenye daftari la idara ya maji, basi. Jumatatu unapiga simu mjini na kuwasomea namba saba za wiki. Kwa mtu mwenye haya kama yeye, kazi nzuri kuliko hiyo haikuwepo katika jimbo zima la Ceará. Maji hayamwulizi mtu habari za nyumbani kwake.

Ulikuwa mwaka wa tano bila mvua ya maana. Mbao za kupimia za juu, ambazo zamani zilizama moja baada ya moja bwawa lilipojaa, sasa zilisimama nchi kavu mteremkoni kama nguzo za ua usio na fito, na mbuzi walijikuna kwazo. Watu wa mji mdogo wa Velame walikuwa wameacha kuamkiana. Walikuwa wakiulizana neno moja tu.

"Ngapi leo, Bwana Deusdete?"

"Mita tatu na kumi," alikuwa akijibu, macho kwenye ndara zake.

"Kojoa humo basi, yaongezeke!"

Wakicheka, naye anapita. Lakini kila aliyecheka alikuwa akipiga hesabu ya kutoa kichwani, kwa sababu mdomo wa bomba la mji ulikuwa kwenye mita moja na arobaini. Hata watoto waliijua namba hiyo. Maji yakishuka chini yake, pampu ingevuta upepo, na kaya mia nne zingebaki kungoja boza la maji linalokuja siku likijisikia kuja. Valdelice, mkewe, alishalishusha sanduku la safari kutoka juu ya kabati.

"Siku pampu ikivuta upepo," alimwambia, "mimi nakwenda São Paulo kwa binti yetu Joelma. Wewe kama utaoa ubao wako, oa."

Deusdete aliwahi kukaa São Paulo miezi minane ujanani. Hakumsimulia mtu habari za miezi ile. Alijua kwamba Valdelice akienda naye atakwenda, na alijua pia kwamba huko hatamaliza mwaka.

Tarehe kumi na tisa Septemba maji yalisimama kwenye tatu na kumi. Usiku ule homa ya chikungunya ikamwangusha. Ilikuwa imepita nyumba kwa nyumba mwaka ule, ikiwakunja watu viungo kama vitambaa. Asubuhi hakuweza hata kufunga ngumi.

"Nipe daftari niende mimi," Valdelice akasema. "Darasa la nne ulilofika wewe ndilo nililofika mimi."

"Idara wataniandama. Mkataba una jina langu."

Haikuwa kweli. Idara isingejua. Ila aliona haya watu wamwone mkewe ndani ya maji akifanya kazi yake. Basi akalitaka daftari, akalala nalo kwenye kitanda cha bembea, akafanya lile ambalo wasomaji wa maji wote wanalijua na hakuna anayelikiri: akajaza akiwa amelala. Kila siku sentimita mbili chini. Siku moja katikati akatia tatu, kwa sababu maji ya kweli hayaendi kama rula.

Aliumwa wiki mbili. Tarehe nne Oktoba akashuka bwawani kwa fimbo, akiwa na wasiwasi wa mwizi. Kama namba za uongo zingekuwa mbali na ukweli, ingembidi azikunje polepole mpaka zikutane. Akaingia majini, akainama. Mbili na sabini na tisa. Akafungua daftari ili aandike.

Mstari wa tarehe nne ulikuwa umeshaandikwa. Mbili, nukta, sabini na tisa. Mwandiko ulikuwa wake.

Wa tarehe tano pia umeandikwa. Na wa sita. Akageuza ukurasa, akageuza tena. Namba zilishuka kwa wino ule ule, kwa mwandiko mkubwa uliolala upande, wa mtu mwenye homa, hazikuruka siku hata moja. Ziliishia tarehe kumi na mbili Desemba: moja na thelathini na nane. Sentimita mbili chini ya mdomo wa bomba. Baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe.

Deusdete hakukumbuka kuandika hata moja kati ya zile. Aliketi kwenye tope, maji yakimlamba visigino.

Mtu akishikwa na hofu hutafuta kwanza maelezo ya kawaida, naye alikuwa nayo: miaka kumi na tisa na bwawa moja, nani asiyejua mwendo wake? Hata ng'ombe hujua njia ya zizini. Maelezo hayo yalidumu siku tano. Tarehe tisa daftari lilitaka sentimita tatu, siku ya mawingu, isiyo na upepo, ambayo haikustahili kupoteza hata moja. Maji yakashuka tatu. Tangu hapo akawa anasoma daftari kabla ya ubao, kama mtu anayesoma barua isiyo yake, na kila asubuhi ubao ulikubali.

Tarehe ishirini na moja, baada ya chakula cha mchana, alichukua kalamu ambayo Valdelice aliandikia vitu vya dukani. Akaikata namba ya kesho yake, mbili na arobaini na mbili, na juu yake akaandika mbili na tisini.

Asubuhi maji yalikuwa kwenye mbili na arobaini na mbili.

Lakini ubao ulikuwa umelowa mpaka mbili na tisini. Utelezi wa kijani ulining'inia pale, na konokono wadogo walikuwa bado wanatembea, hawajajua kwamba wameachwa hewani. Akatazama kandokando. Bwawa zima lilizungukwa na mkanda mweusi wa ardhi mbichi. Ndani ya mkanda huo kulikuwa na shamba la Ciço, mwendesha pampu, msimamizi wa ubatizo wa Joelma. Kama wengine, Ciço alikuwa akipanda kwa kufuata maji: kila yanaposhuka yanamwachia tope la rutuba, anaongeza mstari wa kunde na mstari wa matikiti. Matikiti yale sasa yalikuwa yamelala yote, majani na matawi yamechanwa upande mmoja kama nywele. Yalielekea majini.

Ciço mwenyewe alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni.

"Swahiba, hii nini? Mvua haikunyesha."

"Labda ng'ombe," Deusdete akasema.

"Ng'ombe gani analamba shamba zima halafu anakwenda zake bila kwato?"

Deusdete akautazama ule ubao uliolowa. Maji yalikuwa yamejaribu kumtii, hilo aliliona wazi. Yalipanda mpaka pale alipoyaita, yakakuta hayana kitu cha kujazia, yakarudi, na yaliporudi yalishika kila kilichoshikika.

Hakugusa tena namba.

Jumatatu iliyofuata alipiga simu mjini, akasoma namba zake saba, kisha akasema jambo ambalo alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima.

"Mhandisi Lívia, zile za Septemba. Niliumwa. Nilizijaza kitandani."

Akasikia karatasi zikigeuzwa.

"Bwana Deusdete, acha utani," mhandisi akasema, na sauti yake ilikuwa ya tabasamu. "Mwezi wa nane tulifunga chombo kinachojipimia chenyewe pale kwenye ukuta. Nimelinganisha. Namba zako za Septemba zinakubali zote, hata ile siku uliyoandika tatu. Laiti wasomaji wangu wote wangekuwa wewe."

"Ndiyo, mhandisi."

"Na waambie watu watulie. Tunafunga valvu ya chini inayoachia maji bondeni wiki hii. Kompyuta inasema maji yatasimama mita moja na tisini, hayatapita."

Alikuwa amejiandaa kufukuzwa kazi. Kusifiwa hakujiandaa, na siku ile hakuweza kula.

Valvu ikafungwa. Maji hayakuwa na habari. Tarehe kumi na sita Novemba yaliipita moja na tisini bila kupunguza mwendo, na kwenye foleni ya ndoo kompyuta ya mhandisi ikapewa majina.

"Imekunywa kachasa, ile," alisema mmoja.

"Bora ingekunywa. Mlevi hupatia mara moja moja."

Jioni ile Ciço akaja nyumbani kwa Deusdete, akakaa kizingitini, hakutaka kahawa.

"Nina kipande kimoja cha bomba," akasema. "Cha mwisho. Nikikiunga, mdomo unashuka mpaka moja na ishirini. Zaidi ya hapo ni tope, na pampu ikinyonya tope imekufa, nyingine haiji mpaka wanasiasa watake kura. Shule nayo inakitaka kwa kisima chao. Sasa maji yakienda chini ya moja na ishirini, nimekitupa bure, afadhali watoto wakipate. Yakisimama juu yake, tumepona. Wewe ndiye unayeyaona kila siku. Yatafika wapi?"

"Mhandisi anasema..."

"Sikumuuliza mhandisi. Nimekuuliza wewe."

Valdelice alikuwa jikoni akikoroga kunde. Mwiko ukasimama.

Mficha uchi hazai. Deusdete akaingia ndani, akatoka na daftari, akaliweka mapajani mwa swahiba yake. Ciço akafunua, akacheka kidogo, akafunua tena. Alipofika Desemba kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Umeandika lini hizi?"

"Nikiwa na homa. Sikumbuki."

"Na maji?"

"Yanazifuata."

Ciço akapitisha kidole juu ya mistari mpaka kwenye namba moja iliyokatwa. Akasoma tarehe. Midomo yake ikahesabu.

"Kwa hiyo matikiti yangu..."

"Ni mimi."

"Shetani wee!" Ciço akaruka. "Ukaniambia ng'ombe!"

Valdelice akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akalitazama daftari kwa mbali, kama mtu anavyomtazama nyoka ambaye hajajua kama amekufa. "Nilikwambia nikusomee mimi," akasema polepole. "Nilikwambia."

Kipande cha bomba kikaungwa. Ilikuwa lazima Ciço awaambie watu wa shule kwa nini anakinyima kisima chao, na siri ikimfikia mwalimu mmoja imefika sokoni. Jumapili, baada ya misa, watu kama arobaini walijaa uani kwa Deusdete. Yeye alisimama nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu.

"Andika mita kumi!" alipiga kelele mmoja.

"Andika bwawa lifurike!"

"Usikate zilizopo, andika hapo penye weupe! Kuanzia kumi na tatu!"

Hilo la mwisho Deusdete alikuwa ameshaliwaza, usingizini na akiwa macho. Mstari mtupu. Kama homa iliteremsha maji kwa wino, kwa nini mzima asiyapandishe? Ila aliyakumbuka matikiti. Na chini ya ukuta wa bwawa, upande ule mwingine, kulikuwa na nyumba thelathini.

Bibi Zulmira naye alikuwepo, ameketi juu ya ndoo aliyoipindua. Ndiye aliyekuwa akitabiri mvua pale Velame, kwa mchwa, kwa ndege, na kwa mawe ya chumvi usiku wa kuamkia Mtakatifu Lusia, tarehe kumi na tatu Desemba. Alikuwa akila karanga na hakuacha kula.

"Bibi, mwambie aandike," mama mmoja akamsihi.

"Mimi nimwambie? Miaka sitini nawatajia mvua. Nani kati yenu amewahi kunisikia nikitaja kina?"

Akamenya karanga nyingine.

"Wala mama yangu hakukitaja. Mvua ukiikosea, watu watakucheka, mwaka ujao unajaribu tena. Mimi mmenicheka mpaka nimezoea. Kina hakikosewi. Ukikitaja, kinakuja kuangalia nani amekiita." Akatema ganda. "Huyu alikitaja akiwa hana akili zake, Mungu atamsamehe. Akikitaja sasa akiwa na akili zake timamu, msije kwangu kulia."

Watu wakatawanyika wakinung'unika. Mmoja akarusha jiwe juu ya vigae.

Tarehe kumi na mbili Desemba ubao ulisema moja na thelathini na nane. Mdomo wa zamani wa bomba ukachomoza, mweusi, una ndevu za majani. Mpya ulikuwa chini yake, umezama, na pampu iliendelea kukoroma. Jioni Bibi Zulmira akapanda ngazi, akapanga mawe sita ya chumvi juu ya paa lake, moja kwa kila mwezi kuanzia Januari: litakaloyeyuka ndilo mwezi wa mvua. Sanduku la Valdelice lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba.

Asubuhi ya kumi na tatu watu walikuwa wamesimama juu ya ukuta wa bwawa. Deusdete akashuka peke yake. Korongo waliokuwa hapo kila siku hawakuwepo. Maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba hakuona yanapoanzia, mpaka mguu ulipopata baridi.

Akaingia mpaka magotini. Mawimbi madogo ambayo mguu huyafanya hayakwenda mbali. Yalikufa pale pale.

Moja na thelathini na nane. Hayakuwa yameshuka hata unywele. Yalikuwa yamefika mwisho wa maandishi, na sasa yanamngoja.

Akafungua daftari. Mstari mweupe. Akaweka ncha ya kalamu juu yake, na pale pale akahisi maji yakipanda kwenye muundi wake, upana wa kidole, taratibu, kisha yakasimama. Kidole kingine. Kama mbwa anayeinua kichwa mwenye nyumba anapogusa mkate. Angeandika nne, yangekuja nne. Hakuwa na shaka hata kidogo. Yangekuja kutoka wapi na yangeshika nini wakati wa kurudi, hilo kalamu haikusema.

Ndipo akakumbuka alivyofundishwa na mzee aliyempa kazi ile: jicho kwanza, mkono baadaye. Akainua kalamu juu ya karatasi. Maji yakashuka muundini, kidole, na kidole kingine. Akayangoja. Akatazama ubao, akahesabu vistari kwa ncha ya ukucha kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akaandika alichokiona.

"Ngapi?" Ciço akapiga kelele kutoka juu.

"Moja na thelathini na nane!" Deusdete akajibu kwa sauti ambayo hakuna mtu wa Velame aliyewahi kuisikia ikitoka kifuani mwake. Mwangwi ukarudi kutoka ukutani. Nyuma yake kitu kikadondoka majini, samaki mdogo aliyeruka, na mawimbi yake yakaenda mpaka mbali.

Kesho yake ilikuwa moja na thelathini na saba. Keshokutwa hiyo hiyo. Siku iliyofuata moja na thelathini na tano, kisha upepo ukavuma na ubao ukasema thelathini na sita, namba za ovyo, zisizo na mpango, ambazo mtu asingezitunga. Deusdete alizipenda zote. Jiwe la kwanza la Bibi Zulmira lilikuwa limekutwa limeyeyuka, na mvua ilinyesha kweli Januari tarehe nane, maji yakiwa moja na ishirini na sita. Pampu haikuvuta upepo hata siku moja. Valdelice alilirudisha sanduku juu ya kabati, akatia ndani yake mbegu za kunde, panya wasizifikie.

Tangu hapo Deusdete haingizi kalamu nyumbani. Inakaa kwenye chupa iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo ya ubao, na maji yakipanda huihamishia ubao wa juu. Mkewe huandika vitu vya dukani kwa mkaa.

Daftari lile lilipojaa, idara ilimletea jipya kwa basi, pamoja na salamu za Mhandisi Lívia. Ili kumrahisishia kazi, alisema, safari hii wamechapisha tarehe za mwaka mzima, kila siku na mstari wake. Deusdete akalifunua pale pale kituoni. Januari, Februari, mpaka Desemba, mistari mitupu imejipanga, kila mmoja na siku yake tayari.

Dereva alikuwa hajazima injini. Deusdete akampa daftari kupitia dirishani, akamwomba alirudishe mjini, na awaambie wamtafutie lisilo na tarehe.